TUNDU NA KIPIMO CHAKE: Ibn al-Haytham na Kamera ya Tundu la Sindano



Sifa zote njema ni za Allah (SWT), Muumba wa nuru na giza. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), pamoja na aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, Ramadhan ni mwezi ambao sote tunainua macho juu. Tunautafuta mwezi mwandamo siku ya kuanza, tunautafuta tena siku ya kumaliza, na katikati hapo barazani hapakosi mabishano ya nani kaona na nani hakuona. Katika makala haya nataka tumzungumzie Muislamu mmoja ambaye, yapata miaka elfu moja iliyopita, aliichunguza nuru ya jua lililopatwa akauliza swali ambalo wengi wangeliona la kitoto. Jua likipatwa kwa sehemu, nuru yake ikipita kwenye tundu dogo huchora umbo la mundu ukutani, kama hilali. Lakini nuru ya mwezi mwandamo, ambao ndio mundu wenyewe, ikipita kwenye tundu lile lile haichori mundu. Kwa nini?

Muislamu huyo ni Abu Ali al-Hasan ibn al-Haytham. Swali lake lilimfikisha kwenye jambo ambalo kila mwenye kutengeneza kamera kwa boksi la viatu leo hii lazima alijue: tundu lina kipimo chake, na kipimo hicho kimefungamana na umbali. Hebu tufuatane pole pole.

ANGALIA SAKAFUNI KWANZA

Kabla hatujaenda Basra na Cairo, tuanze na vitu ambavyo wewe mwenyewe unavijua. Umeshawahi kukaa ndani ya chumba cha mabati ambacho fundi alipiga msumari pasipofaa, akauchomoa akaenda zake? Adhuhuri jua likiwa juu, utaona kijiduara cha nuru sakafuni. Wengi wetu tukiwa chuoni tumeshakitazama kijiduara hicho kikitambaa juu ya mkeka huku maalim anasomesha. Sasa jiulize: tundu la msumari mara nyingi halina umbo zuri, limechanika upande, pengine lina pembe tatu. Mbona nuru yake sakafuni ni duara safi?

Jibu ni kwamba kile kijiduara si picha ya tundu. Ni picha ya jua. Nuru husafiri kwa mstari ulionyooka. Miale ya upande wa juu wa jua ikipita kwenye tundu inaangukia chini, na ya upande wa chini inaangukia juu, ya kulia inakwenda kushoto, na ya kushoto inakwenda kulia. Kwa hivyo picha inatokea, lakini imepinduliwa. Jua ni duara, ndiyo sababu ukaona duara. Hata vile viduara vinavyochezacheza chini ya mwembe au mwarobaini ni picha za jua, zimepita kwenye nafasi ndogo ndogo kati ya majani.

Upana wa picha hiyo unategemea umbali. Gawanya umbali kutoka tunduni hadi sakafuni kwa 108 hivi, utapata upana wa picha ya jua. Kwa paa la mita 3, picha itakuwa na upana wa karibu milimita 28. Kwa umbali wa mita 1, ni karibu milimita 9. Tafadhali ziweke namba hizi kichwani, tutazihitaji mbele.

WALIOONA KABLA YAKE

Ndugu zangu, tukitaka kusimulia historia yetu ni lazima tuwe waadilifu. Ibn al-Haytham hakuwa mtu wa kwanza kuona picha ikipita kwenye tundu. Huko China, wafuasi wa mwanafalsafa Mozi, ambaye aliishi karne ya 5 na ya 4 kabla ya Nabii Isa (AS) kuzaliwa, walishaandika kwamba picha inayopita kwenye tundu hupinduka, na wakaeleza kuwa ni kwa sababu nuru hunyooka. Wayunani nao, katika kitabu cha maswali kinachohusishwa na Aristotle, waliuliza kwa nini nuru ikipita kwenye tundu la mraba hutoa duara, na kwa nini jua likipatwa, chini ya miti huonekana vimundu. Waliuliza vizuri, lakini jibu lenye kutosheleza hawakulipata.

Kwa hivyo kuona kulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu wa kulichukua jambo lenyewe, kulifungia ndani ya chumba, kubadilisha kitu kimoja kimoja, na kupima.

KUTOKA BASRA HADI CAIRO

Ibn al-Haytham alizaliwa Basra, Iraq, karibu mwaka 354 Hijria, sawa na mwaka 965. Wakati huo miji ya Waislamu ilikuwa imejaa vitabu. Elimu ya Wayunani ilikuwa imeshafasiriwa kwa Kiarabu, na wanazuoni kama al-Kindi walikuwa wameshaandika juu ya mwendo wa nuru. Yeye akavisoma vyote, hisabati, falaki na tiba.

Wanahistoria wa zamani, akiwemo Ibn al-Qifti, wamesimulia kwamba alipata kusema angeweza kuyadhibiti maji ya mto Nile ili Misri isisumbuliwe na mafuriko wala ukame. Habari hizo zikamfikia al-Hakim, khalifa wa Kifatimi aliyetawala Cairo tangu mwaka 996 hadi 1021, naye akamwita. Ibn al-Haytham akapanda mto hadi maeneo ya Aswan. Alipoziona kazi kubwa za wajenzi wa kale, akatambua kwamba lau jambo hilo lingewezekana kwa zana za zama zile, wale waliomtangulia wangekwisha kulifanya. Akarudi akasema haiwezekani. Kisha, kwa kuhofia hasira za mtawala, ikasimuliwa kwamba alijifanya ana wazimu na akafungiwa nyumbani mpaka al-Hakim alipoondoka duniani. Baada ya hapo aliishi karibu na msikiti wa Azhar, akijipatia riziki kwa kunakili vitabu vya hisabati kwa mkono. Alifariki Cairo karibu mwaka 430 Hijria, sawa na mwaka 1040.

Kitabu chake kikubwa kinaitwa Kitab al-Manazir, nacho kina juzuu saba kuhusu nuru na kuona. Katika juzuu ya kwanza anaeleza jaribio ambalo hata wewe unaweza kulifanya leo usiku baada ya tarawehe. Weka taa kadhaa mahali mbalimbali mbele ya tundu, na nyuma ya tundu pawe na chumba cha giza. Utaona ukutani madoa ya nuru kwa idadi ya taa zile. Ukifunika taa moja, doa lake peke yake linazimika. Ukiifunua, doa linarudi pale pale. Maana yake ni kwamba nuru za taa zote zinapita pamoja kwenye kijitundu kimoja bila kuchanganyika na bila kupotezana njia. Subhanallah! Kwa taa na ukuta tu, alithibitisha jambo ambalo wanafalsafa walikuwa wakilibishania kwa maneno.

MAKALA KUHUSU UMBO LA KUPATWA KWA JUA

Sasa tuje kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Mbali na kitabu kile kikubwa, Ibn al-Haytham aliandika makala fupi inayoitwa Maqala fi Surat al-Kusuf, yaani makala kuhusu umbo la kupatwa kwa jua. Mwaka 1914 Mjerumani Eilhard Wiedemann aliifasiri kwa Kijerumani, na mwaka 2016 mtafiti Dominique Raynaud akachapisha maandishi yake ya Kiarabu baada ya kulinganisha nakala za mkono, pamoja na fasiri ya Kiingereza.

Ndani ya makala hiyo, hakuridhika kusema tu kwamba mundu unaonekana. Alisema unaonekana tundu likiwa dogo. Ukilipanua, mundu unaanza kuharibika. Ukizidi kulipanua, mundu unatoweka kabisa, na nuru inachukua umbo la tundu lenyewe. Tundu likiwa duara utaona duara, likiwa mraba utaona mraba. Kisha akaeleza sababu yake kwa jometri.

Fikiria hivi. Chukua nukta moja tu ya jua. Nuru yake inapita kwenye tundu la duara na kuchora kijiduara kidogo ukutani. Nukta ya pili nayo inachora kijiduara chake, pembeni kidogo. Nukta ya tatu vivyo hivyo. Jua lililopatwa ni nukta nyingi zilizopangika kama mundu, kwa hivyo ukutani utapata viduara vingi vilivyopangika kama mundu, vimepandana. Viduara vikiwa vidogo kuliko mundu wenyewe, jicho linaona mundu. Vikiwa vikubwa, vinaufunika na kuumeza. Ni kama kuandika: jina lako unaweza kuliandika kwa kalamu, lakini jaribu kuliandika kwenye nafasi ile ile ndogo kwa brashi ya kupakia rangi ukuta.

Kwa hivyo swali la "tundu hili ni dogo au ni kubwa?" halina jibu peke yake. Ni dogo kwa umbali gani? Tundu la milimita 10 mbele ya ukuta ulio mita 1 ni kubwa mno, kwa sababu picha yote ya jua hapo, kama tulivyohesabu, ni milimita 9 tu. Lakini usogeze ukuta uwe mita 20. Picha ya jua sasa imefika milimita 185 hivi, na tundu lile lile limekuwa dogo mbele yake. Hili ndilo alilolifahamu Ibn al-Haytham. Aliutazama uwiano, yaani upana wa tundu, umbali wa ukuta, na ukubwa na umbali wa kile kinachoangaza.

Na mwezi mwandamo je? Nuru ya mwezi hata ukiwa mpevu ni hafifu kuliko ya jua kwa kiasi cha mara 400,000, na hilali ni hafifu zaidi. Tundu la kukuwezesha kuuona mundu wa jua litapitisha nuru ndogo sana ya hilali, kiasi kwamba ukutani hutaona kitu. Ukilipanua tundu ili nuru ionekane, viduara vinakua na kuumeza mundu. Kwa hivyo hilali inabaki ya kutafutwa kwa macho, huko huko ufukweni na juu ya mapaa tunakopazoea.

Karne tatu hivi baadaye, mwanazuoni wa Kiajemi Kamal al-Din al-Farisi, aliyefariki karibu mwaka 1319, alikichukua Kitab al-Manazir akakisherehesha na kukisahihisha katika kitabu chake Tanqih al-Manazir. Aliendeleza pia habari hii ya kupatwa kwa jua. Yeye ndiye aliyejaza maji kwenye tufe la kioo, akaliweka ndani ya chumba cha giza kama mfano wa tone la mvua, na kwa njia hiyo akaeleza upinde wa mvua. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda: mwanafunzi anamheshimu mwalimu wake kwa kuikagua kazi yake.

NENO "KAMERA" LIMETOKA WAPI?

Hapa nina nasaha kidogo, na naomba msinichukie. Katika mihadhara yetu tunasikia mara nyingi kwamba neno kamera limetokana na neno la Kiarabu "qamara". Linafurahisha masikio, lakini si kweli. Camera ni Kilatini, maana yake chumba chenye dari la kuba, na Walatini walilichukua kutoka kwa Wayunani. "Camera obscura" ni chumba cha giza. Ibn al-Haytham mwenyewe alikiita al-bayt al-muzlim, maana ni hiyo hiyo.

Kwa nini nalitilia mkazo jambo hili? Kwa sababu kijana wa Kiislamu akiisema habari ya uongo mbele ya wanafunzi wenzake darasani, kisha mmoja wao akafungua kamusi, hata yale ya kweli atakayoyasema baadaye hayataaminiwa. Na sisi ni umma ambao maulamaa wake walisafiri miezi kwa ajili ya kuhakikisha hadithi moja tu, nani kaipokea kwa nani. Inakuwaje historia yetu tuipokee bila isnadi? Ibn al-Haytham hahitaji kupambwa. Kazi yake ya kweli inamtosha.

NURU YAFIKA ULAYA

Karibu mwaka 1200 Kitab al-Manazir kilifasiriwa kwa Kilatini, na Ulaya ikamjua kwa jina la Alhazen. Mwaka 1572 Friedrich Risner akakichapisha mjini Basel. Kabla ya hapo, tarehe 24 Januari 1544, tabibu na mnajimu Gemma Frisius alitazama kupatwa kwa jua mjini Louvain kwa kutumia chumba chenye tundu, na mchoro wake aliouchapisha mwaka 1545 ndio mchoro wa zamani zaidi unaojulikana wa chumba hicho. Johannes Kepler naye, katika kitabu chake cha mwaka 1604, alieleza kwa jometri jinsi umbo la tundu na umbo la kinachoangaza yanavyochanganyika ukutani, kwa njia inayofanana sana na ile ya Cairo.

Baadaye watu wakaweka lenzi mahali pa tundu ili picha iwe na nuru zaidi, na karne ya 19 ikapatikana dawa ya kuishika picha isipotee. Mwaka 1839 upigaji picha ukatangazwa rasmi huko Ufaransa. Lakini tundu halikusahaulika. Katika miaka ya 1850 David Brewster wa Scotland aliandika juu ya kupiga picha kwa tundu la pini tu bila lenzi, na hapo swali la Ibn al-Haytham likarudi upya: tundu liwe na ukubwa gani?

Kama jometri ingekuwa ndiyo yote, jibu lingekuwa rahisi. Lifanye dogo uwezavyo, picha itazidi kuwa safi. Lakini wapiga picha walikuta sivyo. Ukilipunguza tundu, picha inasafika mpaka kiwango fulani, kisha inaanza tena kuwa na ukungu. Sababu ni kwamba nuru ina tabia ya mawimbi. Ikibanwa kwenye njia nyembamba sana haiendelei kunyooka, bali inajipinda kwenye kingo na kutapakaa, kama vile wimbi la bahari linavyosambaa likishapita kwenye mlango mwembamba wa mwamba. Padri wa Kitaliano Francesco Maria Grimaldi ndiye aliyeieleza tabia hii katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1665, miaka miwili baada ya kufa kwake. Ibn al-Haytham hakuwa na habari hii, na hilo halimpunguzii kitu.

Kwa hivyo tundu lina maadui wawili. Likiwa kubwa, viduara vinapandana. Likiwa dogo, nuru inatapakaa. Kipimo kizuri kiko katikati. Josef Petzval, mwanahisabati wa Vienna, alijaribu kukihesabu kipimo hicho katika miaka ya 1850, lakini hesabu yake ilitoa tundu dogo kuliko linavyofaa. Mwaka 1891 Lord Rayleigh wa Uingereza, ambaye mwaka 1904 alipata tuzo ya Nobel ya fizikia, aliipitia upya hesabu hiyo na kuijaribu kwa vitendo. Kanuni yake inatumiwa mpaka leo: zidisha umbali kwa urefu wa wimbi la nuru, chukua kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 1.9. Tangu makala ya Cairo mpaka kanuni hiyo ni zaidi ya miaka 850.

HESABU YA NYUMBANI

Usiogope hesabu hiyo, tutairahisisha. Nuru ya kijani, ambayo jicho linaipokea vizuri zaidi, ina urefu wa wimbi wa karibu milimita 0.00055. Ukishaiingiza namba hiyo, kanuni inabaki hivi: chukua umbali kutoka tunduni hadi kwenye karatasi kwa milimita, tafuta kipeuo chake cha pili, halafu gawanya kwa 22. Jibu ndilo upana wa tundu lako kwa milimita.

Tuseme boksi lako ni la sentimita 10, yaani milimita 100. Kipeuo cha pili ni 10. Gawanya kwa 22, unapata karibu 0.45. Boksi la sentimita 5 linataka tundu la 0.3. La sentimita 20 linataka 0.64, na boksi la viatu la sentimita 30 linataka karibu 0.8. La sentimita 40 linataka 0.9. Umeona? Umbali umekua mara nne, kutoka sentimita 10 hadi 40, lakini tundu limekua mara mbili tu. Na lile paa la mabati la mita 3 linataka tundu la milimita 2.5, yaani fundi na msumari wake mwembamba alikaribia kipimo cha Rayleigh bila kujua!

Kutengeneza si kazi. Kata kipande cha mkebe wa soda, kiweke juu ya kadibodi, kitoboe kwa sindano ya kushonea, kisha sugua kingo kwa msasa laini mpaka pawe laini pande zote mbili. Kingo zilizochanika zinaiharibu picha. Kujua unene wa sindano yako, panga sindano kumi za aina moja ubavu kwa ubavu, pima upana wake kwa rula, halafu gawanya kwa kumi. Toboa boksi upande mmoja, bandika kipande chako kwa selotepu, na upande wa pili weka karatasi nyeupe iliyopakwa mafuta ya kupikia kidogo ili nuru ipenye. Jifunike shuka kichwani, elekeza boksi kwenye nyumba ya jirani iliyopigwa na jua, na utaiona imesimama kichwa chini miguu juu. Wadogo zako hawatakubali kukurudishia boksi hilo mpaka magharibi.

Nuru itakuwa chache, usishangae. Kwa boksi la sentimita 10 na tundu la 0.45, umbali ni kama mara 220 ya upana wa tundu. Ndiyo maana anayetaka kupiga picha halisi kwa karatasi ya kusafishia picha huliacha tundu wazi nusu dakika au zaidi katika jua kali, na boksi lisitikisike. Tundu linadai subira, na subira tumo ndani ya mwezi wake.

MACHO YAKO NI AMANA

Sasa sikiliza vizuri, hasa ninyi wazazi. Boksi hili likitumika kwa kutazama kupatwa kwa jua, unalipa jua mgongo. Nuru inaingia tunduni na kuanguka kwenye karatasi, na wewe unatazama karatasi. Kamwe usiliangalie jua kupitia tunduni. Nyama ya ndani ya jicho haina mishipa ya kuhisi maumivu, kwa hivyo inaweza kuungua bila mtu kujua, na kesho yake akaamka na doa jeusi katikati ya kila anachokitazama. Miwani ya jua ya kawaida haikingi.

Hapa Kenya tumeshapata nafasi nzuri. Tarehe 15 Januari 2010 jua lilipatwa asubuhi likabaki kama pete, na Nairobi ilikuwa ndani ya njia hiyo. Tarehe 3 Novemba 2013 lilipatwa kabisa kule Turkana karibu na machweo, na sehemu nyingine za nchi zikaona limeliwa kwa sehemu. Tarehe 2 Agosti 2027, insha'Allah, litapatwa kabisa katika njia itakayopita Misri, Saudi Arabia ikiwemo Makkah na Jeddah, Yemen na Somalia. Sisi Kenya tutaliona limeliwa kwa sehemu. Tayarisheni maboksi mapema. Yafanyeni marefu, mita 1 ikiwezekana kwa kuunganisha maboksi, na tundu la milimita 1.4, ili mpate mundu wa milimita 9 unaoonekana wazi.

Na tusisahau kwamba kwetu sisi kupatwa kwa jua kuna sala yake. Mwaka wa 10 Hijria, alipofariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (SAW) na Bi Maria (RA), jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa ajili ya kifo chake. Baba aliyefiwa na mwanawe angeweza kunyamaza akaacha watu waamini hivyo. Yeye Mtume (SAW) aliwakataza, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa wala kwa kuzaliwa kwa mtu, na akawaongoza katika sala. Vijana wenzangu, hapa ndipo penye msingi. Katika siku ya huzuni yake alikataa utukufu usio wa kweli. Sisi ni nani hata tuutafute utukufu wa mababu zetu kwa habari ambazo hazijathibiti?

NENO LA MWISHO

Ibn al-Haytham aliandika kitabu kingine cha kumpinga Batlamyus, yule Ptolemy aliyeheshimiwa na wote. Ndani yake anaeleza kwamba mtafuta haki si yule anayeyakubali tu maandishi ya waliotangulia, bali ni yule anayeyatilia shaka, akataka hoja, na akaitilia shaka hata nafsi yake mwenyewe. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa uliuadhimisha mwaka wa nuru, na kazi yake ilikumbukwa kwa kutimiza miaka elfu. Hata kwenye uso wa mwezi kuna shimo kubwa lililopewa jina lake, Alhazen. Lakini sidhani kama angefurahia tumtaje kwenye mihadhara tu. Angefurahi zaidi kumwona msichana wa Kisauni au mvulana wa Garissa ana boksi, sindano na rula, analipanua tundu kidogo kidogo na kuandika kila anachokiona.

Basi Ramadhan hii, kati ya alasiri na magharibi, pale njaa inapouma na saa zinakataa kwenda, wakusanye wadogo zako uani. Anza na tundu la sindano, kisha la msumari, kisha la kidole. Waulize wao kwanza picha imefanya nini na kwa nini. Usiwaharakishie jibu.

Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu, atuzidishie elimu yenye manufaa, na atujaalie tuwe wakweli katika tunayoyasema na tunayoyaandika. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.